Pompeii wana majivu, sisi tuna mawe meusi: Munigi nayo inastahili kutembelewa

Kila mwaka watu zaidi ya milioni nne wanalipa tiketi ya kuingia Pompeii, mji wa Italia uliozikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Wanatoka Japani, Brazili, Marekani, Ujerumani. Umati umekuwa mkubwa mpaka, mwezi wa kumi na moja 2024, wasimamizi wa pale wakaweka kikomo: watu 20,000 kwa siku, si zaidi. Wanatembea juani wakitazama kuta zisizo na paa, tanuri za mikate, na maumbo ya watu waliokufa wamejikunja, mikono usoni.

Sisi wa Munigi tunaishi juu ya historia ya namna hiyo. Mgeni anaweza kupanda pikipiki kutoka upande wa uwanja wa ndege wa Goma mpaka Kibati, akapita sehemu ambako moto ulishuka mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021, na asijue hata moja. Ataona mawe meusi tu. Motari atamwambia, "Hayo ni ya volkano," halafu safari inaendelea.

Maoni yangu ni haya. Miji ya Italia haitembelewi kwa sababu iliteseka kuliko sisi. Inatembelewa kwa sababu kuna watu waliokataa alama zake zipotee. Sisi alama zetu tunazivunja kuwa kokoto huku tukiangalia. Na hasara ya kwanza si ya mtalii. Ni ya mtoto wa Munigi, na ya familia iliyohamia hapa kwa ajili ya vita, ambao mlima ukiamka tena hawatajua wakimbilie wapi.

Najua wengine wanasema tayari: huyu naye, watu wanatafuta chakula na bidoni ya maji, yeye anatuletea utalii wa Italia. Mniwie radhi, ndugu wasikilizaji na wasomaji, mnisome mpaka mwisho. Italia yenyewe sijafika. Ninachokijua nimekisoma, na kingine nimekisikia kwa mapadri na masista wa kwetu waliosoma Roma. Lakini mambo ya volkano hatuhitaji viza ili tuyaelewe.

Pompeii haikujitunza yenyewe

Pompeii ilikaa chini ya majivu karibu miaka 1,700. Uchimbaji ulipoanza mwaka 1748, waliokuwa wakichimba walitafuta sanamu na vitu vya thamani kwa ajili ya mfalme wa Napoli. Mahali pasipokuwa na kitu kizuri walifukia tena wakaenda kwingine. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kufika kwa mtu kama Giuseppe Fiorelli, ambaye mwaka 1863 aliona kwamba ndani ya majivu magumu kuna nafasi tupu, mahali ambapo miili ilikuwa imelala ikaoza. Akaamuru wamimine plasta ndani ya nafasi hizo. Plasta ilipokauka, wakavunja majivu ya nje, na hapo wakatokea watu: mwanamume amejiinamia, mtoto, hata mbwa akiwa amefungwa.

Tangu siku hiyo Pompeii ikaacha kuwa shimo la kutafutia hazina, ikawa mji wa watu. Leo mgeni anaonyeshwa duka la chakula, mkate ulioungua ukabaki na umbo lake, na kuta zilizoandikwa majina ya wagombea wa uchaguzi, sawasawa na kuta za Goma wakati wa kampeni. Anaondoka akisema, "Hawa walikuwa kama sisi."

Kuna jambo lingine ambalo sisi tunapaswa kulisikia vizuri. Miaka 17 kabla ya mlipuko, mwaka 62, tetemeko kubwa lilipiga Pompeii. Watu walianza kukarabati nyumba zao, na majivu yalipokuja mwaka 79 baadhi ya nyumba zilikuwa bado hazijamalizika. Mlima ulikuwa umenyamaza kwa muda mrefu mno, na wengi hawakuuhesabu kuwa adui. Walilima mizabibu kwenye miteremko yake. Walikuwa na dalili, lakini hawakuwa na kumbukumbu ya kuwafafanulia dalili ile.

Hata Pompeii ilikuwa na wakimbizi

Picha za Pompeii zinatufanya tudhani wote walikufa. Si kweli. Wengi walikimbia. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Steven Tuck, alifuatilia majina ya familia za Pompeii na Herculaneum katika maandishi ya kale ya miji mingine, na akakuta manusura walihamia Cumae, Napoli, Puteoli na Ostia. Walifanya kazi huko, walioana wao kwa wao, wengine walilea yatima wa waliokufa. Kaizari Titus aliagiza mali za waliokufa bila warithi zitumike kusaidia miji iliyoharibiwa. Na miji iliyowapokea wakimbizi ilijengewa majengo mapya ya watu wote.

Halafu, mwaka 2025, wasimamizi wa Pompeii walitangaza jambo ambalo familia nyingi zinazonisoma hapa zitalielewa kuliko maprofesa. Walipata ushahidi kwamba baadhi ya watu walirudi. Walikuta ghorofa za juu zimejitokeza juu ya majivu, wakaingia humo. Vyumba ambavyo zamani vilikuwa vya chini vikawa kama mapango, wakawasha moto na kuoka mikate humo. Hawakuwa na mahali pengine, au walitumaini kuokota kitu cha thamani kilichobaki. Waliishi hivyo kwa miaka mingi, bila barabara za zamani, bila mabomba.

Nani kati yetu hajui maisha hayo? Mwezi wa pili 2025 makambi ya kandokando ya Goma yalipovunjwa, familia zilikunja shitingi zao na kurudi Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Wengine walikuta nyumba haina mlango wala mabati. Wengine hawakuweza kurudi, wako hapa kwetu kwenye chumba kimoja cha kupanga au kwa jamaa. Nawaambia hao: historia inayotembelewa na dunia nzima ni historia ya watu kama ninyi. Kwa muda mrefu vitabu viliwasahau manusura wa Pompeii kwa sababu hakuna aliyeandika habari zao. Zenu bado zinaweza kuandikwa.

Catania, dada wa Goma

Kama ningepewa nafasi ya kwenda mji mmoja tu wa Italia, nisingechagua Roma. Ningekwenda Catania, kwenye kisiwa cha Sicilia, chini ya volkano ya Etna. Mwaka 1669 Etna ilimwaga lava kwa miezi, ikazika vijiji, ikafika Catania, ikaingia upande wa magharibi wa mji mpaka baharini. Ngome moja, Castello Ursino, iliyokuwa kando ya bahari, leo iko mbali na maji kwa sababu lava ilijaza pwani. Kisha mwaka 1693 tetemeko likaangusha mji wote.

Watu wa Catania walijenga tena, kwa mawe yaleyale ya lava. Makanisa na majumba yao ni meusi kwa meupe, barabara zao ni nyeusi. Katikati ya mji, mbele ya kanisa kuu, wameweka tembo aliyechongwa kwa jiwe la lava, na ndiye alama ya mji wao. Mwaka 2002 UNESCO iliiweka Catania pamoja na miji mingine saba ya Sicilia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Angalieni mwaka huo vizuri. Ni mwaka uleule ambao Nyiragongo ilipita katikati ya Goma.

Sisi pia tumejenga kwa lava. Kuta zetu, nyua zetu, misingi ya nyumba zetu, vyote vimetoka tumboni mwa mlima. Mjini Goma tuna sanamu ya chukudu, na ni nzuri, inaheshimu kazi ya mikono yetu. Lakini jiwe lenyewe, lililotuua na likatujengea, halina heshima yoyote.

Katika habari za 1669 kuna funzo lingine. Wanaume wa Catania walijifunika ngozi za ng'ombe zilizoloweshwa maji, wakaenda na vyuma kutoboa ukingo wa mto wa lava ili ugeuke. Ukaanza kugeuka, kuelekea Paternò, mji wa jirani. Watu wa Paternò wakaja na silaha kuwafukuza. Ndivyo inavyokuwa jirani wanapoachwa peke yao na hatari: kila mmoja anasukumia mwenzake moto. Tuliowapokea wahamishwa na wahamishwa wenyewe tumewahi kugombana kwa ajili ya maji, kuni na viwanja. Tusifike huko.

Yetu tunayoyajua

Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, ziwa la lava la Nyiragongo lilimwagika kupitia nyufa za mlima kwa muda usiofika saa moja. Lava ilikimbia kuliko pikipiki kwenye mteremko. Watu walikutwa mashambani. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, nyufa zilifunguka kutoka juu mlimani mpaka huku kwetu Munigi, lava ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma, ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwa Kivu. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Gisenyi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya Jumamosi jioni, moto ulirudi, ukakata barabara ya Rutshuru, ukala nyumba kwa maelfu, ukasimama Buhene, karibu kabisa na mji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku tano baadaye, serikali ya mkoa iliamuru kata 10 kati ya 18 za Goma ziondoke, na watu karibu laki nne wakakimbilia Sake, Minova, Bukavu, Rutshuru na Rwanda. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao.

Sasa sikilizeni tatizo. Mwisho wa mwaka 2022, familia kutoka Rutshuru zilipokimbia vita, nyingi zilipiga hema Kanyaruchinya, juu ya lava ya 2021. Jiwe lilikuwa gumu, choo hakichimbiki, watoto wanalala juu ya ncha kali. Wengi wao hawakuwahi kuona mlima huu ukilipuka. Walijua kukimbia risasi. Kukimbia lava hakuna aliyewafundisha. Wako waliobaki Munigi mpaka leo, na watoto waliozaliwa baada ya 2021 wako karibu kuanza shule. Kwao mawe haya ni mawe tu.

Ndiyo maana nasema kutunza alama ni kazi ya kuokoa maisha kabla ya kuwa kazi ya utalii. Angalia Napoli leo. Vesuvius imenyamaza tangu 1944, lakini eneo la hatari limechorwa: manispaa 25, watu karibu laki saba, na mpango wa kuwaondoa wote kwa saa 72. Kila manispaa inajua ni mkoa gani wa Italia utakaowapokea watu wake. Mwenye duka chini ya Vesuvius anaweza kuambiwa leo kwamba siku ile ikifika, yeye na majirani zake watakwenda mahali fulani. Sisi mwaka 2021 tuliuliza njiani.

Msituletee utalii wa huruma

Kuna namna ya kutembelewa ambayo naikataa. Mgeni anashuka kwenye gari lenye bendera, anampiga picha mama aliyeketi mbele ya hema, hamwulizi jina, anarudi hotelini kando ya ziwa. Picha inazunguka dunia. Mama hajui hata ilikwenda wapi. Watu wa plasta wa Pompeii wana karibu miaka 2,000, hakuna tena mama wa kuwalilia. Wa kwetu wana mama, na mama yuko sokoni hivi sasa anauza sombe. Kwa hiyo anayesimulia habari za hapa awe mwenye habari, aombwe ruhusa, na kama kuna pesa, alipwe yeye kwanza.

Na hata utalii mkubwa una sumu yake. Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, mwaka 1951 ulikuwa na wakaaji karibu 175,000 katika sehemu yake ya zamani. Leo hawafiki 50,000. Nyumba zimekuwa za kupangisha wageni, vijana wamekwenda kuishi ng'ambo. Tangu 2024, siku fulani za mwaka, mgeni wa siku moja analazimika kulipa kuingia mjini. Mji unaotazamwa na wote na usioweza kukaliwa na watoto wake si mfano wa kuiga.

Mawe ni ugali wa mtu

Pingamizi kubwa kuliko yote limetoka kwa wamama wanaovunja mawe. Mmoja aliniambia waziwazi: "Wewe unataka jiwe likae litazamwe. Mimi jiwe hili ni ada ya shule ya mtoto." Ana haki. Sitaki mtu yeyote aondolewe kwenye kazi yake kwa ajili ya kibao. Lava ipo nyingi, inatosha kujenga miji. Ninachoomba ni kipande kimoja, labda ukubwa wa uwanja wa mpira, kichaguliwe na wenyeji wenyewe pamoja na wavunja mawe, kisiguswe tena. Na wale wamama wawe wa kwanza kuulizwa, kwa sababu wanajua kuliko sisi wote lava ya mwaka gani iko wapi. Wanaitambua kwa nyundo.

Usalama nao siufichi. Kabla ya vita, wageni walilipa dola 300 kupanda Nyiragongo, wakianzia Kibati, wakalala juu kwenye vibanda wakitazama ziwa la moto. Wapagazi, wapishi na wauza ndizi wa kwetu walipata chochote. Mwaka 2018 hifadhi ya Virunga ilifungia wageni baada ya mlinzi mmoja kuuawa na watalii wawili kutekwa. Na tarehe 22 mwezi wa pili 2021, kwenye barabara hiihii, upande wa Kibumba, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mkongomani Mustapha Milambo. Kwa hiyo simdanganyi mtu kwamba kesho mabasi ya watalii yatapanga foleni Munigi. Bila amani hawatakuja. Lakini mambo ninayoyaomba hayangojei mtalii.

Ninachoomba

Kwanza, mashefu wa vijiji na usheferi wa Bukumu wakubaliane juu ya kipande hicho cha lava, kwa karatasi yenye sahihi, kabla hakijauzwa kiwanja kwa kiwanja.

Pili, majina. Waliokufa 1977, 2002 na 2021 waandikwe, kijiji kwa kijiji, nyumba kumi kwa nyumba kumi. Wazee waliokuwa vijana 1977 wanapungua kila mwaka. Simu moja yenye kinasa sauti inatosha kuanza. Redio zetu za hapa zinaweza kuchukua ushuhuda mmoja kila juma, kwa Kiswahili na Kikumu, na kuuweka mahali pasipofutika.

Tatu, vibao. Rangi nyeupe juu ya jiwe jeusi: "Lava ilifika hapa, 2002." Na chini yake mshale: "Ukiona moto, njia ya kukimbilia ni hii." Mshale huo usichorwe kwa kubahatisha, upangwe na wataalamu wa OVG, kituo chetu cha kuchunguza volkano. Mtalii atakayekuja baadaye atasoma mstari wa kwanza. Mtoto wetu atasoma wa pili.

Nne, vijana wa Munigi na vijana wahamishwa wafundishwe pamoja kuwa wasimulizi wa mahali hapa. Wajue kueleza ufa ni nini, kwa nini lava yetu ni nyepesi na inakimbia, na mazuku ni nini. Neno hilo "mazuku", la hewa inayoua kwenye mabonde, limetoka kwenye midomo yetu, na leo wanasayansi wa dunia nzima wanaliandika hivyohivyo katika vitabu vyao. Tumewapa neno, na mtoto wa hapa bado anapita bondeni bila kujua maana yake.

Mambo haya manne hayahitaji mfadhili mkubwa. Yanahitaji mkutano mmoja chini ya mti, kopo la rangi, na watu wanaokubali kuketi pamoja, mwenyeji na mhamishwa. Mashefu wakiitisha mkutano huo, redio itafika na maikrofoni. Wakichelewa, anzeni ninyi: leo jioni mwulize bibi au babu aliye nyumbani alikuwa wapi moto uliposhuka, alipita njia gani, na nani hakurudi. Liandike jina hilo.